Kitabu Nilichokunyang'anya Kaburini

Ticha, mtani wangu,

Kitabu chako nimekimaliza. Nimekisoma chote, tangu ganda la mbele mpaka ganda la nyuma, mashairi ya Waingereza wako wa kale, wale wenye kola kama sahani shingoni na wale waliolala na ng'ombe, na sijakwama hata mahali pamoja. Jana nimewasomea mafundi wenzangu hapa barazani Mwisenge, na wote wakakaa kimya kama wamo kanisani siku ya Ijumaa Kuu.

Haya, uongo. Najua umeshaanza kukohoa kile kicheko chako. Sijakimaliza. Sijavuka ile picha ya mzee mwenye ndevu za beberu. Na hao mafundi walikaa kimya kwa sababu hawapo. Mmoja yuko Mugango anavua sangara. Mwingine anauza mashati ya mitumba, yaani fundi cherehani anatembeza nguo alizoshona mtu asiyemjua, na wala haoni haya. Nimebaki mimi na cherehani yangu, na mkasi, na hiki kitabu.

Ndicho kinachonifanya nikuandikie. Situlii, Ticha. Nikikaa nasimama, nikisimama najiuliza nilisimamia nini. Tangu asubuhi napunguza suruali ya mtu. Mguu mmoja nimeupunguza, wa pili nimeusahau. Kitabu kiko hapa mezani kinanitazama. Kitu cha marehemu kimekaa nyumbani kwa mtu asiye ndugu yake, na kosa si langu. Kosa ni la binti yako. Ngoja nikueleze mazishi yako, maana ulikuwepo lakini ulikuwa umelala.

Tulikupeleka kwenu Butiama kwa lori la pamba. Lilikuwa limetoka kupeleka mzigo kwenye kinu Bunda, na nyuzi nyeupe zilikuwa bado zimebaki kila pembe, kwa hiyo ulifika kwenu umeota mvi mpaka kwenye jeneza. Wanafunzi wako walikuja wengi. Wale uliokuwaga unawaambia hawatafika popote wamefika, wana vitambi na viatu vya kung'aa, wakasimama katikati ya yale mawe yenu kama wako paredi. Katekista alikuwa na haraka, mvua inashuka kilimani na yeye ana mwavuli wenye mbavu mbili tu.

Basi mwanafunzi wako mmoja akatoa hiki kitabu, akakiweka juu ya jeneza. Akawaeleza watu ile hadithi uliyowafundisha, kwamba alipokufa mshairi mmoja mkubwa wa Uingereza, zamani sana, washairi wenzake walimsindikiza, na kaburini wakatupa tungo zao za kumlilia, pamoja na kalamu zenyewe walizoandikia. "Na sisi," akasema, "tumwache mwalimu wetu aende na kitabu chake." Watu wakalia. Hata mimi chozi lilikuwa njiani.

Lakini mimi ni mtani wako. Babu zetu walitaniana, baba zetu wakataniana, wewe Mzanaki wa kilimani na mimi mtu wa ziwani. Mtani haendi msibani kulia, wa kulia wapo wengi. Yeye kazi yake ni kumzuia maiti asiondoke kirahisi. Unaijua hii, nairudia tu ili nione kama nilikosea mahali. Mtani anakamata kitu cha marehemu, fimbo au kofia au hata sufuria, anasema ni changu sasa, alinitesa huyu, sikirudishi. Wenye maiti wanamlaumu, wanamtukana, wanambembeleza, mwisho wanampa kuku au kibuyu cha togwa, naye anakirudisha. Ndiyo maana yake: watu wamesema mbele ya mashahidi kwamba huyu ni wetu na kilicho chake tunakitaka. Hapo mtu anazikwa akiwa na kwao.

Nikashuka mpaka kwenye jeneza. Magoti haya unayajua, nilishuka kama ngazi inayovunjika. Nikakinyakua kitabu juu ya jeneza, nikakipakata, nikasema, "Huyu mzee haendi na mali. Ameniita mla furu, mla visamaki vya ziwani, miaka yote, leo zamu yangu. Hiki sikitoi mpaka nione jogoo. Na awe mwekundu, msiniletee ugonjwa wenu wa kuku hapa."

Wazee wa kwenu wakaangua kicheko. Mmoja akaanza kunitukana vizuri kabisa, akagusa mpaka ukoo wa mama yangu, nikajua mambo yanakwenda sawa. Nikamwangalia Nyangeta, maana ndiye mtoto wako wa pekee na ndiye mwenye neno. Naye, Ticha, mtoto aliyelelewa bweni huku na huko, na mjini, na wapi sijui, akajifuta machozi na mtandio, akasema kwa adabu zote, "Chukua tu, baba. Kwangu mimi ni karatasi."

Yule mzee wa matusi akafunga mdomo. Katekista akadhani tumemaliza, akasema amina, mvua ikaanza, wakachota udongo. Nikabaki na kitabu mkononi kama mtu aliyevuta kamba kwa nguvu, kamba ikaja, ng'ombe akabaki.

Tuliposhuka kilimani dada yako mkubwa akanishika mkono. "Mafuru," akasema, "umeondoka na kitu cha maiti na hakikukombolewa. Umemwacha ndugu yangu kama mtu aliyeokotwa njiani."

Basi ndiyo hiyo. Toka siku ile situlii.

Siku za kwanza nilijidanganya nitakizoea. Nikakifungia kwenye sanduku la vifungo. Nikaona mtu akiomba kifungo cha shati moyo unaruka. Nikakiweka darini, nikakumbuka panya. Panya wa Mwisenge hawana heshima na Mwingereza, wa kale wala wa leo. Nikakirudisha mezani. Nikawa nakifungua, nakifunga, nakifungua. Na kila nikikifungua unatoka wewe.

Unatoka vile ulivyokuja mara ya kwanza, ule wakati wa shida. Kitambaa hakuna, uzi hakuna, ukipata mche wa sabuni unaukata vipande unamgawia jirani kama nyama ya sikukuu. Mimi nimekaa na cherehani isiyo na kazi, nageuza kola za mashati ya watu ndani nje. Ukaja na magunia ya unga wa njano, ule wa msaada, ukaniambia nikushonee nguo za wafalme. Nilikuuliza wafalme gani hao wa kuvaa magunia.

"Wa Uingereza, mura," ukasema, kama mnavyoitana vijana wa kwenu. "Wanafunzi wangu wanaigiza mchezo wa zamani."

Nikauliza na jina, maana watu wa Butiama nawajua kwa majivuno. Ukasema niite Ticha, kwa sababu jina la Mwalimu kule kwenu limeshachukuliwa. Nikajua tutapatana.

Nikashona. Uzi nilifumua kwenye nyavu kuukuu za kutoka kwetu Mugango, ndiyo maana malkia alikuwa ananuka samaki, na malkia mwenyewe alikuwa kijana wa Bugwema mwenye miguu kama mlingoti wa simu. Mfalme akatoka mbele ya watu na joho lake, akasema maneno yake ya kiburi, akageuka kuondoka, na matakoni kumeandikwa kwa herufi kubwa za Kiingereza kwamba bidhaa hii si ya kuuzwa. Ukumbi ulivunjika mbavu. Nilijificha nyuma ya ngoma za shule nikingoja unichinje. Ukanikuta pale, umeshika tumbo, machozi yanakutoka. Ukasema wale watunzi wenyewe wangefurahi, maana michezo yao ilichezwa mchana kweupe, watu wanatafuna karanga na kuwazomea wafalme, na malkia wao naye alikuwa kijana wa kiume aliyenyolewa ndevu. "Tumefanya sawasawa kabisa," ukasema. "Tumekosea kama walivyokosea wao."

Halafu kikaja kipindupindu, mikusanyiko ikakatazwa, mchezo wa pili ukafa kabla haujazaliwa. Ulikaa kwenye benchi langu umenuna kama mtu aliyefiwa na ng'ombe. Ukaanza kujifariji mwenyewe. Ukasema hata kwao tauni ikiingia mjini, majumba ya michezo yalikuwa yanafungwa, na watunzi wakishikwa na njaa wanaandika mashairi ya kuwasifu mabwana wakubwa ili wapate chochote. Ukanionyesha humu ndani zile kurasa zenye herufi kama nguzo. Ukanitafsiria: ewe mheshimiwa, jua la nchi yetu, kivuli cha wanyonge, mtumwa wako mnyenyekevu anabusu kiatu chako. Nikakwambia, hii naijua, Ticha, hii ni barua ya kuomba kibali cha sukari kwa katibu.

Ulilala kwenye benchi kwa kucheka. Kesho yake ukaenda kuwaambia darasani. Kwa wiki nzima wanafunzi walikuwa wakipita hapa wananiita Profesa, na mimi nawaitikia. Darasa la nne la mkoloni, lakini naitikia.

Wale wa kale zaidi ndio uliwapenda kuliko wote. Yule mchunga ng'ombe, unakumbuka. Kwamba kila penye karamu walikuwa wanapokezana kinubi, kila mtu aimbe zamu yake, na yeye akiona kinubi kinasogea anatoka kimya kwenda zizini, kwa sababu hajui hata wimbo mmoja. Mpaka usingizini mtu akamsimamia akamwambia imba, akaimba, na asubuhi bado anaujua. Uliposimulia hiyo ulikuwaga unapunguza sauti kama unamsema ndugu. Ukasema Kiingereza cha siku zile, hata Mwingereza wa leo ukimsomea hakielewi. Nikasema basi mimi na Mwingereza tuko sawa, tofauti yetu yeye ana pasipoti.

Ngoja nisimame kidogo.

Nimerudi. Nilikwenda kutazama barabarani. Hakuna mtu.

Halafu macho yako. Yalianza kuwa na ukungu kama ziwa asubuhi, wewe ukasema ni vumbi. Hospitali wakakuambia dawa ya matone haipo, uende nayo mwenyewe, na wewe ungeitoa wapi. Ukaacha kusahihisha madaftari, ukastaafishwa. Ukaja kukaa hapa kila alasiri na kitabu mkononi, umekishika tu, na siku moja ukanisukumia. "Soma, mura."

Nikasema sijui Kiingereza. Ukasema, "Taja tu. Kuelewa niachie mimi."

Nikawa nataja. Kila herufi naitamka ilivyo, kama Kiswahili, siruki hata moja, maana kama mtu aliiandika basi alitaka itamkwe. Wateja walidhani nasoma Kilatini cha zamani cha padri. Wewe umefumba macho, unayachukua yale magogo yangu na kuyachonga kichwani mwako, mara unatabasamu, mara unanipiga goti, "rudia hapo." Ulikuwa na ukurasa mmoja hasa, ule wenye doa la mafuta ya taa pembeni. Huo nilikusomea mpaka nikaanza kuuota. Sikuwahi kukuuliza unasema nini. Nilikuwa naona unavyofurahi, nikatosheka.

Ukanisimulia kwamba palikuwa na mshairi mkubwa wa kwao, kipofu, na binti zake wakawa wanamsomea vitabu vya lugha ambazo hawazijui, na wanaichukia kazi ile kama nini. Toka hapo ukaniita binti yako. "Binti yangu mwenye mvi, leo umechelewa." Mbele ya watu. Nilikutukana kila siku. Lakini kila alasiri, kabla hujafika, nilikuwaga naosha mikono, nisije nikakipaka kitabu grisi ya cherehani. Hilo hukuliona, ulikuwa huoni.

Sasa ungekuwepo ungekuta mambo yamegeuka. Sukari imerudi. Iko dukani imekaa tu, hakuna foleni, hakuna kibali, hakuna wa kumwita jua la nchi. Ila pesa ya kuinunua ndiyo imejificha. Sabuni za rangi zote, zinanukia mpaka unatamani kuzila. Na mitumba, Ticha. Watu wanavaa makoti ya baridi hapa Musoma na jua hili, kwa sababu ni ya bei rahisi na yana mifuko mingi. Nani atakuja kushona? Kule ziwani sangara amewameza furu mpaka ukimpata furu mmoja unamsalimia. Shuleni kwako wamesema mashairi ya wazee wale hayana faida, watoto wajifunze Kiingereza cha kuandika barua ya biashara. Nikasema lakini hata hao wazee walikuwa wanaandika barua za biashara, ila waliweka vina. Hakuna aliyecheka. Wewe ndiye ulikuwa unacheka.

Nikaona nikikaa tu nitaharibu suruali za watu wote wa Mwisenge. Nikapanda basi kwenda Bunda siku ya gulio, na kitabu nimekifunga kwenye kitenge cha marehemu mke wangu. Nyangeta nilimkuta sokoni kwake, amesimama juu ya robota la mitumba lililokatwa, anatupa mashati hewani na kuimba bei kama litania. Umezaa mwanamke wa sauti. Akaniona, akashuka, akapiga goti kidogo, "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja unikatalie."

"Nikukatalie nini?"

"Hiki. Sema ni cha baba yako. Sema mimi mwizi, mimi mzee mchafu, sema lolote. Halafu unipe jogoo, nikupe kitabu, nirudi kwangu nikalale."

Watu wakaanza kusogea. Mteja mmoja aliyeshika suruali akasema huyu mzee apewe uji kwanza.

"Baba Mafuru, si nilishakupa?"

"Ndiyo taabu yenyewe. Ulinipa."

Nikamweleza. Kilimani, kuku, kukombolewa, mtu aliyeokotwa njiani. Nikamweleza na yule mshairi kipofu na binti zake, na jinsi ulivyoniita binti. Nilidhani hiyo itamchekesha. Haikumchekesha. Akakunja shati alilokuwa nalo, akalikunjua, akalikunja tena.

"Huyo baba unayemsema wewe mimi simjui," akasema. "Mimi nikifunga shule namkuta amelalia madaftari ya watoto wa watu. Hajanisomea hata mstari. Wewe ndiye ulikuwa binti, basi kaa nacho."

Akarudi juu ya robota. Akaanza kuimba bei tena, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

Nilipanda mpaka Butiama kwa dada yako, nikamwomba akikomboe yeye. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anasukasuka kibuyu. "Mafuru, kuku ninao, wamejaa uani, wengine wekundu. Lakini mimi ni dada na mtoto yupo. Nikikikomboa mimi nitakuwa nimesema ndugu yangu hakuzaa." Akanimiminia maziwa mgando, nikanywa, akaniambia niondoke kabla mvua haijanikuta njiani. Nikapita kaburini kwako. Sikukwambia kitu, nilikuona umelala, na mimi nilikuwa nimechoka. Wamekupandia maua. Mbuzi wameyala.

Nikakaa na kitabu masika yote. Na hapo, Ticha, ndipo jambo baya likanipata. Nikaanza kukizoea. Kila alasiri mkono unanawa wenyewe, nakaa, nataja ule ukurasa wenye doa, natulia kidogo, halafu nasimama tena kwa sababu hakuna wa kunipiga goti aseme rudia.

Juma lililopita Nyangeta akaja. Sijui nani alimsema, labda shangazi yake. Ameshuka basi la Bunda na jogoo kwapani, amejaa vumbi, amesimama hapa mbele ya cherehani, akavuta pumzi, akaanza. Aliniita mwizi wa makaburi. Aliniita fundi wa kushona magunia. Akasema baba yake alikuwa anakuja hapa kwa sababu ya kivuli tu, si kwa ajili ya sura yangu. Nikajua mtu amemfundisha, na amemfundisha vizuri. Wapita njia wakasimama kufurahi. Mwisho akanisukumia jogoo. "Haya, toa kitabu. Ni cha baba yangu."

Si ndilo neno nililolingoja? Nililizungukia Bunda na Butiama, magoti yakavimba. Nilipolisikia, mdomo ukasema wenyewe, "Huyu mweusi. Mimi nilitaja mwekundu."

"Baba, jogoo ni jogoo."

"Mwekundu."

Akanitazama. Ana yale macho yako ya kusahihisha, kabla ya kuharibika. Akasema taratibu, "Hutaki kukitoa."

Nikamwambia asinivunjie heshima mbele ya majirani. Akasema si ndiyo utani wenyewe.

Akamfunga jogoo kwenye mguu wa meza, akaketi kwenye benchi, pale pale pako, sikumwonyesha. "Basi nisomee kama ulivyokuwa unamsomea."

Nikanawa. Nikafungua pale penye doa, nikataja. Mstari wa kwanza akauma mdomo. Wa pili akaufunika na mtandio. Wa tatu akacheka mpaka jogoo akashtuka, kicheko kile kile cha kukohoa, sikujua kwamba alikirithi. Halafu akaniomba kitabu, akasoma yeye. Yeye Kiingereza cha shule anacho, ingawa anasema cha humu kimepinda. Akasoma polepole, anarudi nyuma, anasogea, na mimi nikayasikia yale magogo yangu ya miaka yote yanageuka kuwa wimbo. Nilikaa kama mjinga.

Nikamwuliza panasema nini.

Akasema ni mtu yuko kwake wakati wa baridi, anamwandikia rafiki yake. Anamwambia njia ina matope na siku ni fupi, nyumbani hapana kitu cha maana, lakini moto umewaka, na benchi lipo, aje tu wakae.

Baadaye akauliza, "Alikuwa anaupenda huu?" Nikajibu kwamba hapana wiki uliyouacha. Akausoma tena, kwa sauti ya chini, hakunisomea mimi. Nadhani alikuwa anakusomea wewe, basi nikajifanya natafuta sindano.

Aliposimama kuondoka, jua limeanza kuingia ziwani na basi la mwisho linapiga honi stendi, kitabu akakiacha mezani. Nikadhani amesamehe. Akasema, "Nitarudi na mwekundu." Nikamwambia amchukue basi huyu mweusi. Akasema huyo ni wa kusomewa, wa kukomboa ni mwingine. Umeona? Anakwenda sawasawa na desturi kuliko mimi.

Sasa niko hapa. Kila basi la Bunda likipita nainuka. Nataka aje, na nataka jogoo wote wekundu wa Bunda wapatwe na kideri. Nataka uwe na kwenu, na nataka alasiri zangu. Vyote viwili havikai kwenye kiganja kimoja, hilo najua, sihitaji Mwingereza wa kuniambia. Kwa hiyo nakuahidi, na hii si kama ile ya mwanzo wa barua: akija na mwekundu, hata akiwa na unyoya mmoja tu mwekundu mkiani, nampa. Nitanung'unika kidogo ili desturi itimie, kisha nampa kwa mikono miwili mbele ya mashahidi, na nitamwambia pembeni kwamba akipenda kusoma kwa sauti, benchi ni lile lile na mimi huwa sina kazi alasiri.

Haya, Ticha, nakuacha. Lala, lakini usilale sana, nina neno moja. Mimi nimekufanyia wewe kazi ya mtani mpaka magoti yameisha. Ilikuwa mmoja wetu akitangulia mwenzake amfanyie, na wewe umewahi, kwa hiyo deni la kunifanyia mimi limebaki kwako. Wanangu wa ziwani watanizika kwa heshima, watasoma historia ya marehemu, watasema alikuwa mpole na mcha Mungu, na hapatakuwa na mtu wa kuwabishia. Siwezi kulala chini ya uongo mkubwa kiasi hicho. Basi nitakapofika huko, wengine wakinipokea kwa nyimbo, wewe simama mlangoni unizuie nisipite, unitukane vizuri, kwa sauti, na tafadhali kwa maneno mapya, ya zamani yote nimeshayazoea.

Mafuru, fundi